Folda Nisiyoifungua

Nilipoanza ufundi wa simu na kompyuta hapa Kasulu, nilikaa meza moja na fundi mwenzangu karibu na soko. Alikuwa na mikono myepesi kuliko mimi. Kioo cha simu kilichonichukua saa nzima, yeye alikibadilisha huku akipiga soga. Kosa lake lilikuwa moja. Simu ya mteja ikiingia mikononi mwake, lazima atazame yaliyomo. Siku moja alinakili picha za binti mmoja, picha ambazo binti yule alijipiga chumbani kwake, akazituma kwa rafiki zake. Wiki haikuisha, zilikuwa zimefika mpaka Buhigwe.

Kaka watatu wa yule binti walikuja asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Hawakutukana wala hawakupandisha sauti. Wawili walimshika mwenzangu, wa tatu akaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza yetu, akachukua jiwe tulilozuilia mlango, akamponda vidole kimoja kimoja, kama mtu anayepasua mbegu za michikichi. Mimi nilisimama na kikombe changu. Sikuingilia. Niliogopa, hilo ni kweli, lakini pia niliona moyoni kwamba wana haki. Damu ilichuruzika katikati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka, na walipoondoka mmoja wao alinirudishia jiwe mkononi, kwa adabu kabisa.

Mwenzangu hakufanya ufundi tena. Mimi toka siku ile nilijiwekea sharti kwamba kitu cha mtu sikifungui. Simu ikija kwangu imezima, naiwasha, naona inawaka, naifunga.

Sharti hilo ndilo lililonifikisha kwenye seva, yaani mashine inayotunza mafaili ya watu kupitia mtandao. Sikupenda kuona picha na barua za watu wetu zinakaa kwenye mashine za makampuni ya mbali, ambako hujui nani anazitazama. Nikachukua laptopu ambayo mwenyewe aliitelekeza kwangu, nikang'oa kioo chake kilichopasuka, nikaiongezea diski, nikaiweka kwenye rafu chumbani, juu ya gunia la maharage. Ilikula umeme wa betri ya sola, na mtandao iliupata kwa ruta ndogo ya laini ya simu. Programu nilizoweka zote ni huria. Walioziandika wameacha maandishi yake wazi, anayetaka asome zinavyofanya kazi, na hazimchongei mwenye mashine kwa mtu yeyote.

Mashine ya kwanza ilipigwa na radi. Milima yetu hii inajua radi. Ilikuwa alasiri, mvua haijaanza hata kunyesha, nikasikia mlio kama ukuta unapasuka. Mke wangu alikuwa anatoa nguo kambani. Alirushwa akaangukia mlangoni, akakaa siku mbili hasikii sikio moja. Mbuzi aliyefungwa chini ya paa alikufa amesimama, kisha akaanguka. Chumbani, laptopu ilikuwa inatoa moshi mweupe. Nilipounda ya pili, sikutaka vitu vya watu vikae mahali pamoja tu. Nina rafiki Kibondo mjini, mzee wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa, kwao ni Tanga. Alikuwa mtumiaji wa seva yangu tayari, anaweka picha za wajukuu walio pwani. Aliniruhusu niweke mashine ndogo nyuma ya duka lake, kwenye kabati la majora ya vitambaa. Kila kilichoingia Kasulu, kilinakiliwa kule.

Watumiaji tulikuwa wachache: mimi, mke wangu, yule mzee, na mdogo wangu wa kike. Kila mmoja alikuwa na folda yake, imefungwa kwa neno la siri ambalo analijua mwenyewe. Mimi mwenye mashine niliona vitu vitatu tu kwenye daftari la seva: kwamba faili limefika, lina ukubwa gani, na limefika saa ngapi. Kilichomo ndani sikuweza kukiona hata nikitaka. Nilijivunia jambo hilo. Niliwaeleza wateja, niliwaeleza hata watu waliokuja kununua chaja.

Mama yangu, ambaye anakaa na sisi, alikataa kabisa kuwekwa humo. Baba aliuawa upande wa Burundi kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye orodha, pamoja na mahali anapokaa. Mama alivuka na sisi, mimi nikitembea, mdogo wangu akiwa mgongoni. Tulilelewa kambini Mtabila mpaka mama alipoolewa na Muha wa kijiji cha jirani, ndiyo maana kambi ilipofungwa sisi hatukurudi. Baba huyo wa pili naye ameshafariki. Kwa mama, jina lililoandikwa mahali popote ni jina linalotafutwa.

Mdogo wangu aliolewa Mabamba, kule mpakani. Mume wake ananunua mahindi na maharage kwa wakulima, anayahifadhi, anayauza bei ikipanda. Alikuwa mtu wa kupendeza. Aliimba kwaya sauti ya chini kabisa, alicheka kabla hujamaliza kusema, na hakuja kwetu hata siku moja bila dumu la mawese. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na nilikuwa simwonei wivu.

Siku nilipomwekea mdogo wangu programu ya kupeleka picha kwenye seva, alikuja mwenyewe Kasulu. Alivaa sweta, nami sikuona ajabu, asubuhi zetu zina baridi. Aliniuliza swali moja tu.

"Kaka, picha ikishafika huko kwako, inaweza kufutika huku kwenye simu yangu? Yenyewe, bila mimi kugusa?"

Nikamwambia inawezekana, nikaiweka hivyo. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani simu yake haina nafasi.

Kwa muda wa karibu mwaka mmoja nikaona mafaili yake yanafika. Yalikuja kwa mafungu, matano, saba, mara nyingi Jumapili jioni na siku za soko la kule. Nilijiambia ni kwaya, ni watoto wamevaa nguo nzuri. Mara nyingine yalikuwa mafaili ya sauti. Nikasema anarekodi nyimbo. Yalipozidi, nikamwandikia ujumbe kwa utani kwamba anapiga picha nyingi, atanijazia diski. Akajibu neno moja: "Nitapunguza."

Wiki tatu zilizofuata hakikuja kitu. Niliona pengo lile kwenye daftari, nikafurahi kwamba ni msikivu.

Siku ya Alhamisi, asubuhi, nikapigiwa simu na mwanamke mmoja wa Mabamba, jirani yake. Alisema mdogo wangu amepelekwa hospitali Kibondo, mume amempiga kwa mchi wa kutwangia, na watoto wawili anao yeye. Alisema pia, kwa sauti ya kushangaa, "Mlikuwa hamjui?"

Mama alikuwa anachambua maharage. Nilipomwambia, hakuinua uso. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, moja baada ya jingine. Nikapanda pikipiki nikaenda.

Nilimkuta amelala ubavu. Mkono wa kulia ulivunjika mara mbili, taya lilitoka mahali pake, na jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, limevimba na kung'aa kama bilinganya. Hakuweza kuongea. Jirani mwingine, aliyekuja naye, alinieleza kilichotokea. Mume aliona alama ndogo ya ile programu kwenye simu, ambayo hakuijua, akauliza ni nini, inapeleka nini, kwa nani. Mdogo wangu akanyamaza. Alinyamaza mchi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Simu yenyewe aliitwanga kwenye kinu, mbele ya watoto, mpaka ikawa vipande.

Mdogo wangu alinishika kiganja kwa mkono wake wa kushoto, akaandika kwa kidole, herufi kwa herufi, polepole. Mwanzoni sikuelewa. Akarudia. Lilikuwa jina la mbuzi tuliyekuwa naye Mtabila tukiwa watoto, na namba ya nyumba yetu kule kambini. Lilikuwa neno lake la siri.

Nikaenda dukani kwa yule mzee, nikapita nyuma, nikakaa juu ya jora la kitenge, nikaunganisha laptopu na ile mashine ya nakala. Nikaandika jina la mbuzi. Folda ikafunguka.

Zilikuwa zaidi ya mia mbili. Mgongo wenye alama za waya wa umeme, mistari miwili miwili pale waya ulipokunjwa. Jino limewekwa kwenye kisosi. Sikio la binti yake mkubwa, limechanika chini. Paja lenye alama nyeusi ya pasi, ncha ya pasi inaonekana vizuri. Ukuta wa sebule, kalenda ya kanisa, na michirizi ya damu pembeni yake ikishuka mpaka chini. Kila picha aliipiga kwa utulivu, mwanga mzuri, akaweka kando sarafu au kiberiti ili ukubwa uonekane. Alifanya kazi hiyo kama fundi.

Sauti zilikuwa mbaya zaidi. Shemeji yangu hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema taratibu, kwa ile sauti ya kwaya, anamweleza kosa lake, kisha unasikia pigo, kisha anaendelea na sentensi pale alipoiachia. Katika moja anamwambia binti yao ahesabu. Mtoto anahesabu. Alipofika sita alikosea, baba akamwambia aanze upya.

Nikasikiliza mpaka nilipofika kwenye sauti niliyoijua tangu nizaliwe. Mdogo wangu alikuwa amerekodi simu aliyompigia mama. Anamweleza kila kitu. Na mama anamjibu kwa lugha yetu, "Ihangane, mwana wanje." Vumilia, mwanangu. Anamwambia kwamba mume ni mume, kwamba yeye mwenyewe alivumilia makubwa zaidi, na kwamba kaka yako usimwambie, ataharibu.

Mzee aliniletea chai akanikuta nimeinama. Hakuuliza kilichomo. Aliniambia niende polisi kwanza, leo hii, kabla sijamwona yule mtu kwa macho. Nikamwitikia ndiyo. Nikatoka, nikachukua spana kubwa chini ya kiti cha pikipiki, nikaingiza mkononi mwa koti, nikaelekea Mabamba.

Njiani sikufikiri kitu. Nilikuwa nasikia mtoto anahesabu.

Shemeji alikuwa ghalani kwake, amekaa juu ya magunia, anaongea na wakulima. Aliponiona alisimama kwa heshima kama siku zote. Nilimpiga ya kwanza begani, nikasikia kitu kimelia. Ya pili ilimpata mdomoni. Alianguka kati ya magunia, nami nikawa juu yake, na nakiri hapa jambo ambalo nilikiri pia mahakamani: nilifurahi. Nilijisikia mwepesi. Kama wakulima wale wasingenivuta, ningemuua, na ningemuua nikiwa na furaha.

Walitushika, kila mmoja upande wake. Alitema damu, akanitazama, akatabasamu na meno yaliyobaki.

"Shemeji, watu hugombana na wake zao. Mimi na wewe nani ataaminiwa? Una nini wewe?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wote. Mimi, niliyejisifu miaka yote kwa kutunza siri za watu, nilifungua mdomo.

"Ninazo zote. Kila ulichomfanyia. Ziko nyumbani kwangu, kwenye mashine."

Tabasamu lake lilikatika. Nikaondoka nikidhani nimeshinda.

Kesho yake nilikuwa polisi Kibondo. Askari wa kike wa dawati la jinsia alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akaja kuiona ile nakala dukani kwa mzee, akaniambia nirudi Kasulu nilete mashine yenyewe pamoja na kitambulisho changu. Nilipotoka jua lilikuwa juu. Sikujua kwamba shemeji alikuwa amenitangulia tangu asubuhi, na shoka kwenye mfuko wa sandarusi.

Yaliyotokea nyumbani nilielezwa na mke wangu. Shemeji alipiga hodi. Mama alikuwa jikoni, pale kibandani uani, na sufuria la maharage likichemka. Mke wangu alipofungua mlango alisukumwa akagonga ukuta. Shemeji aliingia akauliza mashine iko wapi, na kwa kuwa hakujua inafananaje, akaanza kuvunja kila kilichokuwa na waya. Alipasua televisheni, redio, ruta. Alipoingia chumbani akaona taa ndogo ya kijani juu ya rafu. Aliipiga shoka kwa ule mkono wake mzima mpaka rafu ikakatika, gunia likapasuka, maharage yakatapakaa sakafuni, naye akawa anapigapiga vipande katikati ya maharage, akihema. Mke wangu alimshika shati. Akamgeukia, akampiga kwa mpini wa shoka chini ya jicho.

Mama aliingia wakati huo. Alikuwa amebeba lile sufuria kwa kanga mbili.  Alimmwagia mgongoni, lote, maji na maharage. Mke wangu anasema shemeji alilia kwa sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alitoka nje mbio huku anavua shati, na ngozi ikatoka na shati.

Nje watu walikuwa wameshajaa. Walisikia mapigo, wakamwona mtu asiye wa mtaa ule anakimbia kutoka nyumba ya fundi. Mmoja akaita mwizi. Mawe yalianza palepale. Nilipofika kona ya mtaa wetu na pikipiki, niliona duara la watu na katikati yake mtu amepiga magoti, amejifunika kichwa, mgongo wake mwekundu na mweupe. Kijana wa bodaboda alikuwa anaburuta tairi. Mwingine alikuwa na chupa ya petroli.

Nilimtambua mara moja. Sikushuka. Nilikaa juu ya pikipiki, injini inaunguruma, nikatazama. Hakuna aliyenishika mikono, hakuna aliyeniziba mdomo. Neno moja tu, kwamba huyu si mwizi, ni shemeji yangu, lingewapunguza kasi. Sikulisema. Niliona jiwe likimpata kisogoni, nikaona tairi likinyanyuliwa, nikawa nasubiri.

Aliyepita katikati yao ni mke wangu, uso umejaa damu, akipiga kelele kwamba huyu ni mtu wa ukoo. Nyuma yake mama. Mama alifika pale akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimuunguza dakika chache kabla, akakunjua miguu kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Asife," alisema. "Akifa, nani atamjibu mwanangu?"

Watu wetu wanaheshimu wakongwe. Mwenye tairi alisita, na huko kusita ndiko kulikowapa polisi muda. Walifika na gari, wakafyatua risasi hewani, watu wakatawanyika. Mama alikuwa bado amekaa. Ilibidi nimnyanyue, na nilipomshika alinusa mafuta ya spana kwenye koti langu, akanitazama. Alikuwa ameniona pale kona tangu mwanzo. Hatujawahi kuliongelea.

Kesi ilisikilizwa Kibondo. Mashine ya Kasulu ilikuwa imeisha, diski yake imekatwa vipande viwili, kwa hiyo kila kitu kilitegemea nakala ya dukani. Mwendesha mashtaka alitaka zote, picha na sauti. Mdogo wangu, taya likiwa limeshaunga, alikaa naye chumba kimoja siku nzima wakizipitia moja moja. Ile sauti ya mama aliifuta mbele yake. Mwendesha mashtaka alipinga, alisema inaonyesha mateso yalianza lini. Mdogo wangu akamwambia kwamba zipo nyingine za kuonyesha hilo, na hiyo siyo ya mahakama, ni ya kwake. Mpaka leo mama hajui kwamba iliwahi kuwepo.

Nilipopanda kizimbani, wakili wa shemeji alinihoji kwa upole. Aliuliza kazi yangu. Aliuliza kama fundi anaweza kutengeneza picha. Nikasema anaweza. Aliuliza kama mashine ni yangu, nikasema ni yangu. Basi, akasema, wewe ambaye ulimpiga mteja wangu kwa chuma, ungeshindwa nini kuweka humo unachotaka?

Nikaeleza kama ninavyowaeleza wateja. Kwamba folda hufungwa kwenye simu ya mwenyewe kabla haijasafiri, kwa neno ambalo mimi sikuwa nalo. Kwamba tarehe na saa za kila faili ziliandikwa kwenye mashine mbili, na ya pili ilikuwa kwa mtu mwingine, katika mji mwingine, na funguo za kabati anazo yeye. Mzee wa duka alikuwa ameshasema hayo kabla yangu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaapa kwa msahafu. Hakimu alikuwa anaandika. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza swali lake mwenyewe.

"Kwa hiyo mafaili haya yalikuwa yanaingia nyumbani kwako karibu mwaka mzima?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na uliyaona yakiingia?"

"Niliyaona yakiingia."

Hakuuliza tena. Aliandika, na nilisikia kalamu yake mpaka mwisho wa mstari.

Shemeji alifungwa miaka kumi na miwili. Mimi pia nilishtakiwa kwa kumpiga, kesi yangu peke yangu, nikakiri, nikapewa kifungo cha nje na onyo ambalo hakimu alilisema akinitazama usoni. Bega la shemeji halikupona vizuri. Nasikia gerezani anaimba bado.

Mdogo wangu hakurudi Mabamba. Amepanga chumba Buhigwe, anauza nguo za mitumba. Mkono haunyooki wote, na upande mmoja wa taya unalia anapotafuna, mlio mdogo ambao watoto wamezoea na mimi bado. Mwaka jana aliniomba nimfundishe kuunda seva yake mwenyewe. Alitaka ikae kwake, funguo zote awe nazo yeye, na daftari lake nisilione. Alijifunza haraka. Wanawake wa sokoni wanampelekea simu zao, anawawekea ile programu. Wangapi, hajaniambia, nami siulizi.

Tukiwa tunaunganisha ile mashine, nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni muda mrefu. Nilimuuliza kama ningekiuka sharti langu, nikatafuta njia ya kuifungua folda yake mapema, angenisamehe. Alikuwa anabana nyaya kwa mkono wa kushoto. Alikaza mmoja.

"Hukuhitaji kuifungua, kaka," alisema. "Ungeuliza tu."

Mwezi uliopita nilikwenda kumbadilishia betri. Nilikuwa juu ya ngazi nikipitisha waya wa sola, bati moja likanichomoka, likaanguka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo. Binti yake mkubwa, ambaye alikuwa anafanya mazoezi ya shule mezani, alitoweka. Hatukumwona akikimbia. Tulimkuta chini ya kitanda, mgongo ukutani, mikono juu ya kichwa, na midomo inatembea. Nilipoinama nikasikia anahesabu.

Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza kusema ni bati tu, ni mjomba. Mama yake akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Alijilaza sakafuni, akajisukuma chini ya kitanda kwa ule mkono mzima mpaka alipomfikia, akalala naye huko. Mtoto alifika sita, akasita. Mama yake akasema saba, kwa sauti ya kawaida. Mtoto akasema nane.

Nilitoka nje nikakaa kizingitini na betri mapajani. Nilisikia wakienda hivyo, huyu moja, huyu moja, wakapita ishirini, wakapita hamsini.